Sukari Aliyonyimwa Mama

S.L.P. 2174,
Kitale.
9 Julai 2024

Mpendwa dada yangu Phelista,

Pokea salamu kutoka kwetu. Hamjambo wewe, Dancan na watoto? Kile kikohozi kimekuacha? Mimi ni mzima, isipokuwa goti. Mahindi huku yameanza kutoa ndevu.

Nimekaa na ujumbe wako wiki tatu. Uliandika kwenye kundi la familia kwamba Sellah, mke wa ndugu yetu Tonny, alimuua Mama kwa maji ya chumvi, na kwamba tarehe 31 Agosti, tutakapokusanyika Bungoma kumwombea Mama, asiketi na familia. Sellah aliusoma. Tangu siku hiyo Tonny ndiye anayetia chumvi kwenye mboga. Sellah haigusi.

Kazi yangu ya miaka thelathini gazetini ni kuuliza, kwa hivyo nilienda nyumbani kuuliza.

Mama alianza kuhara Jumanne, tarehe 28 Mei, saa kumi na moja alfajiri. Mvua ilikuwa imepeleka maji ya choo kwenye chemchemi, na kipindupindu kikaingia kijijini. Saa mbili asubuhi mhudumu wa afya wa kijiji alileta pakiti nne za ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji mwilini, akakimbilia nyumba nyingine. Sellah alisoma nyuma ya pakiti, akaona neno glukosi, yaani sukari, akaziweka kando. Unajua Mama aliugua kisukari miaka tisa. Sellah akachemsha maji, akatia chumvi peke yake, akamnywesha kikombe baada ya kikombe. Mama alionja akakunja uso.

"Sellah, ata leo unaninyima sukari? Si uniache nife nikiwa mtamu, bana."

Wakacheka wote wawili. Alifariki saa kumi na moja jioni katika kituo cha afya, muuguzi akiwa bado anamtafutia mshipa wa kuwekea dripu.

Nilimuuliza daktari Chepkosgei, wa hapa Kitale, kwa nini maji mengi vile hayakumsaidia. Alinichorea. Utumbo umetandikwa ndani kwa tabaka moja la seli. Kwenye utando wa kila seli kuna vijia vyembamba vinavyopitisha ioni za kloridi, ambayo ni nusu moja ya chumvi. Siku ya kawaida vijia hivyo hufunguka kidogo, kisha hufungika. Sumu ya kipindupindu huifanya seli itoe amri ya kufungua bila kukoma. Kloridi inamwagika nje, sodiamu, nusu ya pili ya chumvi, inaifuata kwa sababu chaji zao huvutana, na maji yanafuata chumvi. Seli yenyewe haijachubuka. Imeachwa wazi tu.

Uko mlango mwingine ambao sumu haiugusi. Huo huingiza sodiamu ndani, na maji nyuma yake, lakini haufunguki mpaka sodiamu ifike pamoja na glukosi. Chumvi peke yake inapita tu. Ndiyo sababu pakiti ile ina sukari, na siku kama ile hata mgonjwa wa kisukari hupewa.

Sasa sikiliza, dada. Nilitaka kujua nani alimfundisha Sellah kuogopa sukari, ingawa jibu nililijua. Siku tuliyompeleka Mama kliniki mara ya kwanza, niliandika karatasi kwa kalamu nyekundu, nikaibandika juu ya meko: MAMA ASIPEWE SUKARI HATA AKIOMBA. Maneno matano, na hakuna linalosema 'isipokuwa'. Wewe na mimi tuliondoka. Sellah alibaki akiyatii miaka tisa.

Jumapili nilimwambia hivyo. Alikuwa akiosha vikombe.

"Shemeji, karatasi ilikuwa sawa," akasema. "Ni siku ndiyo ilikuwa mbaya."

Akaendelea kuosha. Nikaibandua karatasi. Ukuta chini yake bado ni mweupe, na moshi umeuzunguka pande zote.

Mpigie Sellah kabla ya tarehe hiyo. Usimwambie nimekutuma. Na kama bado unaona lazima mtu aketi nje ya hema la familia, mwambie Tonny aniwekee mimi kiti huko.

Msalimie Dancan, uwabusu watoto. Tonny anakusalimu. Mungu akushike mkono huko uliko, mbali na kaburi ambalo hujaliona.

Kaka yako akupendaye,
Wakoli