Kidubwana wa Mwisho wa Mama

Jumatatu, 3 Machi

Nimehamia kwa Mama kwa mguu mmoja. Mwingine uko ndani ya plasta tangu Ijumaa, baada ya kushuka ngazi ya stoo nikidhani limebaki daraja moja, kumbe mawili. Miaka kumi na moja nachonga vioo vya miwani ili watu waone wanapokwenda! Mpimaji macho wetu pale dukani alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaniitia gari, basi nimemsamehe.

Wiki sita hizi. Nimepewa chumba changu cha zamani, ambacho sasa ni cha cherehani, pasi na marundo ya nguo zinazosubiri vifungo. Sharti ni moja tu: nisimsumbue Mama kuanzia saa nane hadi saa kumi mchana. Ndiyo saa yake ya kulala. Sawa. Mkunga aliyekesha zamu miaka thelathini na tano ana haki ya usingizi wake.

Jumanne, 4 Machi

Siku ya pili tu na nimeshahesabu vigae vya dari. Mia na nne.

Mdogo wangu, huyu dereva wa kreni, kaniletea kifaa chake cha gemu asubuhi akienda kazini. Ndani yake — Vidubwana! Toleo la tisa! Sijagusa Vidubwana tangu nikiwa na miaka kumi na tisa. Nilidhani nilishakua.

Siku zetu mambo yalikuwa mepesi. Unapewa kidubwana mmoja, unazunguka naye nchi nzima ukikamata wenzake, mpaka orodha ijae. Skrini ya kijivu, kila mnyama doa la kijivu, na tulikuwa na furaha zetu. Hili la sasa lina upepo, lina mawingu, vidubwana wenyewe unawapanda mgongoni. Na kuna ndege mmoja mwenye kiherehere anayekufundisha kila kitu, hadi kufungua mlango. Nimezama mtoni mara nne. Vidubwana wenyewe sasa wamefika zaidi ya elfu na simjui hata mmoja. Najiona kama mtu aliyeingia msiba wa watu wengine na sasa anaona aibu kutoka.

Nimemkumbuka Tonge. Kidubwana wangu wa kwanza, mnene, hana shingo. Nilimwacha levo ya 31 nilipokwenda chuo. Kile kifaa cha zamani alichotuachia mjomba kitakuwa wapi?

Alhamisi, 6 Machi

Nimekipata! Mama alikwenda sokoni, nikapekua droo ya cherehani. Kilikuwa chini ya bobini, kimeviringwa kwenye kitambaa cha pamba. Nilitegemea betri zilizooza. Nikabonyeza — kikawaka palepale. Betri mpya kabisa.

Tena subiri. Saa zilizochezwa: 3,108. Mimi niliacha kwenye 62. Tonge yuko levo ya 100! Orodha ina vidubwana 211 kati ya 212. Na majina waliyopewa! Matroni. Mpangaji. Shemeji Mkubwa. Pacha wa Kwanza na Pacha wa Pili. Mmoja anaitwa Kachelewa.

Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia aungame. Kaapa hajakigusa tangu siku niliyomwahidi kumvunja vidole. Kweli niliahidi. Sasa ni nani? Nyumba hii ina paka na Mama tu.

Ijumaa, 7 Machi

Saa nane na robo mchana. Magongo yana kelele, kwa hiyo nilijiburuza kwa makalio kutoka chumbani hadi mlango wa Mama. Mwanamke mzima wa miaka thelathini na tatu. Mlango ulikuwa wazi kidogo.

Nikausikia ule wimbo wa kupigana. Wimbo uleule aliouita kelele za mashetani, akaninyang'anya kifaa muhula mzima!

Mama alikuwa ameketi kitandani karibu na dirisha, kifaa kimekaribia kugusa pua, kichwa kakigeuza upande kama kuku anayetafuta punje. Anambembeleza kidubwana aingie kwenye chombo cha kukamatia. "Tulia, mama. Taratibu. Usisukume bado." Niliuma mkono wa blauzi nisicheke. Hakuna usingizi wala nini. Miaka yote hii watu tunanyata saa nane, simu tunazima, kumbe mwenzetu yuko vitani.

Nimerudi kama nilivyokuja, kinyumenyume. Sijamwambia kitu.

Jumapili, 9 Machi

Leo, kwenye droo ileile, nimekuta daftari. Jalada gumu, limepigwa mistari kwa rula, kama lile la wodi ya wazazi. Namba. Tarehe. Saa ya kupatikana. Uzito. Kilio. Hali ya mama. Kote kwenye hali ya mama ameandika: haijulikani. Kwa Kachelewa kaongeza: "Alikuja miguu kwanza." Nimecheka mpaka plasta ikatikisika.

Ukurasa wa kwanza una miaka kumi na minne. Ni mwezi ule mdogo wangu naye aliondoka kwenda kazini, mimi nikiwa tayari chuoni. Kumbe nyumba ilipobaki kimya alimchukua Tonge wangu akamlea. Hakutuambia, na sisi hatukuuliza mchana wake unapitaje.

Halafu kicheko kikakatika. Mwandiko wa mwanzo ni mdogo, umenyooka, ule wa kwenye kadi za kliniki. Katikati unanenepa. Mwishoni herufi moja inakula mistari miwili, na maneno yanapanda juu ya maneno. Namba 211 ni ya mwaka jana, Januari. Baada ya hapo ni tarehe tu, kurasa na kurasa: "Pango la Ukungu. Sikumwona." "Sikumwona." "Sikumwona."

Namkumbuka huyo wa pango. Utando. Wa kijivu ndani ya ukungu wa kijivu, hutokeza sekunde tatu, na kinachomtambulisha ni vijicho viwili tu. Usipoviona, basi tena.

Mwandiko huu naujua. Nauona kila siku kaunta, watu wakisaini kuchukua miwani. Na hapa nakuja kila mwezi, nakunywa chai, nasifia chai, nakwenda zangu. Fundi miwani mimi! Nimeona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Jumatatu, 10 Machi

Nimejaribu kwa mbali. Mama, unaonaje siku hizi? Anaona vizuri sana. Tatizo ni balbu za siku hizi. Na magazeti, yanabana herufi ili kuokoa wino. Na uzi wa siku hizi ni mnene kupita tundu la sindano, ndiyo maana nguo zimerundikana bila vifungo.

Nikamwomba anisaidie "kufanya mazoezi ya kazi". Nikachora herufi kubwa kwa ndogo kwenye karatasi, nikaibandika ukutani. Kasoma yote hadi mstari wa chini, bila kukwama, kwa sauti ya ushindi.

Kasoma chati ya kupimia macho ya dukani kwetu! Ameikariri kwa zile mara zote alizokuja kunisubiri. Karatasi yangu ilikuwa na herufi nyingine kabisa. Sikujua nicheke au nilie, nikasema hongera.

Jumatano, 12 Machi

Nimeharibu.

Nilijidai mwerevu. Nikasema nitamfanyia Mama jambo la kumfurahisha. Alipokwenda sokoni nikachukua kifaa, nikaingia Pango la Ukungu na Tonge. Ilinichukua saa moja na dakika kumi. Vikatokea vijicho — nikambana! 212! Skrini ikapiga fataki. Nikasevu. Na kwa kiherehere changu nikajaza daftari: 212, Utando, kilo nne, kilio chembamba. Nikarudisha kila kitu mahali pake, nikakaa kusubiri shangwe.

Saa nane ikafika. Kisha mlango ukafunguka, Mama kasimama na kifaa mkononi. Hata hakuona haya kwamba siri imefichuka.

"Nani alikwambia nimeshindwa?"

Nikasema nilitaka kumsaidia tu.

"Mwanamke akiwa kwenye uchungu humzalii," akasema. "Unakaa naye. Kazi ni yake." 

Akaenda jikoni. Nimesikia masufuria yakiwekwa chini kwa nguvu yote ya miaka thelathini na tano ya kazi. Chakula kaniletea, lakini yeye kala huko peke yake.

Alhamisi, 13 Machi

Mama hasemi nami ila "shika" na "sogeza mguu". Paka anasemeshwa kuliko mimi.

Nikampigia mdogo wangu, nikamsimulia yote. Alicheka kwanza — Mama? Vidubwana? — mpaka wenzake wakamuuliza kuna nini. Nilipofika kwenye mwandiko akaniomba nirudie. Halafu akanikumbusha jambo: kwenye lile gemu la zamani kidubwana ukimwachia huru hurudi alikotoka, na orodha hupungua. Analijua vizuri kwa sababu zamani nilimwachilia wa kwake mmoja kwa hasira. Hajasahau, kumbe!

Basi nikajikokota jikoni, nikaomba radhi, nikabonyeza mbele yake. Utando akaenda zake. 211. Mama kaangalia, au kajifanya kuangalia, akasema nikate na mstari wangu daftarini. Nikakata. Akaniwekea kiti.

Hapo nikaona heri niseme. "Mama, huoni."

Alikuwa akichambua mchele. Nikaona vidole vyake vinatafuta mawe kwa kupapasa.

"Najua," akasema. "Nimefunua macho ya watoto wangapi, nisijue yangu?"

Kumbe amejua mwaka mzima. Anaogopa. Kasema wazi kabisa, sikuwahi kumsikia akilisema neno hilo. Maisha yake yote amekuwa yule anayesimama kando ya kitanda. Kulala yeye juu yake apasuliwe macho, mtu mwingine ndiye ameshika kisu, hataki. Na ikienda vibaya, hata hicho kidogo anachokiona kitakwenda. Angalau sasa madoa anayaona.

Nikamwambia sitapasuliwa kwa niaba yake. Nitakaa naye, kazi ni yake.

Kanikata jicho. Kisha kasema nina mdomo sana kwa mtu asiyejua kushuka ngazi. Tumekula pamoja, wali una mawe mawili, nimemeza bila kusema.

Jumatano, 26 Machi

Kliniki ya macho. Sisi wawili ni kioja: mimi magongo, yeye kanishika bega, haijulikani nani anamwongoza nani.

Mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia limekomaa. Mama akamwambia daktari amepokea watoto maelfu na huyu ndiye pekee aliyekuja bila kumtaarifu. Halafu akageuza usaili. Amepasua macho mangapi? Ananawa mikono kwa muda gani? Kucha zako hebu. Daktari, mtu mzima ana mvi, akanyoosha mikono zikaguliwe! Zimepasi.

Tarehe tisa Aprili, jicho la kulia kwanza. Tuliporudi nyumbani alimpa paka chakula mara mbili.

Jumanne, 8 Aprili

Mama kafua mapazia yote. Kapiga pasi gauni la kuvaa kesho, kisha kalipiga tena. Mara tatu amesema pengine aahirishe mpaka plasta yangu itoke, nani atanihudumia. Mara tatu nimesema plasta inatoka Ijumaa.

Saa nane hakucheza. Alikaa kitandani na kifaa kimezimwa mapajani. Nikaketi naye. Akanionyesha daftari, akanisimulia Pacha walivyopatikana siku ya mvua, na jinsi Tonge alivyomsumbua levo ya 60. Nilimwuliza kwa nini hakubadilisha jina la Tonge, ilhali wengine wote kawapa yeye. Kasema mtoto akija na jina lake humbadilishii. Nimetoka pale macho yangu ndiyo yenye matatizo.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandikia kwenye benchi la kliniki, daftari langu juu ya goti, mstari unapanda na kushuka.

Jana upasuaji ulichukua dakika ishirini tu. Sikuruhusiwa kuingia, nilikaa mlangoni. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba Mama aliwaelekeza namna ya kumlaza. Katoka na bandeji, katulia, kaomba chai.

Leo asubuhi wamemfungua. Muuguzi akasema akae hapa nje nusu saa, asisugue, kisha daktari atamtazama. Mama akafumba, akafumbua. Akanitazama muda mrefu.

"Umenenepa," akasema.

Nimelia kidogo, sifichi. Naye kajifanya anakagua ukuta, akasema unahitaji rangi. Anaona rangi ya ukuta! Jicho la kushoto bado, na la kulia lina ukungu wake wa siku za kwanza. Haijulikani litatulia vipi, daktari ndiye atasema.

Nikampa miwani ya kusomea ya muda niliyomwazimia dukani. Akaivaa, akafungua mkoba. Kumbe kaja na kifaa chake! Betri mpya na kila kitu. Kasema ni cha kupitishia muda tu. Cha kupitishia muda, na yuko moja kwa moja Pango la Ukungu. Mikono kainyoosha, kifaa kiko mbali na pua, mbali kabisa, na kichwa kimenyooka.

Mimi sitazami skrini. Natazama plasta yangu.

Dakika kumi. Mzee aliyekaa mwisho wa benchi amesogea kuchungulia, Mama kamsukuma kwa kiwiko.

Mlango umefunguliwa. Muuguzi anamwita, daktari yuko tayari. Mama hajainua uso. Kainua kidole kimoja tu, kile alichokuwa akiwainulia waume waliojaa koridoni mwa wodi ya wazazi.

"Ngoja," anasema. "Kichwa kinaonekana."

Muuguzi kanitazama mimi. Nimemwambia angoje.