Kaseti Iliyovunjwa Vijino

Mkaza mwanangu Rukia,

Wewe ni mtu wa kukemewa, na kwa kuwa umekwenda mahali ambapo huwezi kunikatiza, leo utanisikiliza mpaka mwisho. Mtu gani huyu anayewaambia watoto wa watu kila Jumamosi, "Paza sauti, sema unachotaka kusema, usimung'unye maneno," halafu yeye mwenyewe anakaa na uvimbe tumboni miezi saba asimwambie mtu? Miezi saba! Tulikuwa nyumba moja, jiko moja, ukuta mmoja tu kati ya kitanda changu na chako. Ungegonga. Ungesema, "Mama, naumwa." Maneno mawili. Mwanafunzi wako angefanya hivyo ungemrudisha aanze upya.

Haya, hilo nimelitoa. Sasa ni zamu yangu mimi kukemewa, na anayestahili kunikemea ni wewe, nawe hupo. Ndio maana naandika. Nilisoma mpaka darasa la pili tu, na mwandiko wangu unaujua, Salim mumeo huuita mwandiko wa kuku. Lakini barua hii sitaki kuandikiwa na mtu. Jumamosi nitaisoma mwenyewe mbele ya vijana wako, na anayetaka kucheka mwandiko acheke.

Wakumbuka siku Salim alipokuleta kwangu mara ya kwanza? Nilikuwa na wiki mbili tu hapa Langley Park, Marekani, nimetoka Mombasa na leso zangu, baridi imeniingia mifupani, nimevaa soksi mbilimbili za mwanangu. Ukaingia, msichana mrefu, kilemba kinagusa juu ya mlango, na papo hapo ukapiga magoti kwenye zulia. Nikaruka. Nikamuuliza Salim, "Kaangusha nini?"

"Hajaangusha kitu, Mama. Anakusalimu. Kwao Wayoruba mwanamke humpigia mzazi magoti."

"Mwambie ainuke, zulia lenyewe chafu."

Hukujua Kiswahili bado, lakini ulinielewa uso. Ulicheka huko huko chini mpaka kilemba kikalegea. Nilijifanya nimenuna. Wallahi nilifurahi, Rukia. Nani aliwahi kunipigia magoti mimi, niliyekaa miaka barazani Kibokoni nikiuza viazi vya karai? Na uliendelea kunipigia kila asubuhi, mpaka asubuhi zile za mwisho ulipokuwa ukishika kiti kwanza, unashuka polepole kama umelazimishwa. Nami nikajiambia, basi, kiburi kimeanza.

Na lile darasa lako. Niseme ukweli mbele ya wenyewe: nililichukia. Ulikuwa mtangazaji wa redio kwenu Ibadan, sauti yako ikajulikana, kisha ukaja hapa ukawa unaogesha wazee kwenye nyumba ya wazee kule Lanham. Hilo nililiheshimu, ni kazi. Lakini Jumamosi, siku yako ya pekee ya kupumzika, unateremka chumba cha kufulia chini ya jengo letu na kinasa sauti na kamera, unawakusanya vijana wa Kinaijeria waliokuja kusoma, pesa za kwao zikaanguka, karo ikakatika, sasa wanaosha vyombo kwenye mikahawa ya College Park. Unawafundisha kuuliza watu maswali, kupiga picha, kuandika habari na kuisoma kama inavyosomwa redioni. Na kusimama wima kila mmoja akasema jina lake na jambo moja analoliweza.

Nilikwambia, "Unawafundisha ujeuri. Mbona unawalazimisha wakutazame machoni? Kwetu hilo ni utovu wa adabu."

Ukanijibu, "Na kwetu pia, Mama. Lakini hapa wakienda kuomba kazi wakainamisha kichwa, mzungu anasema ni waongo. Adabu waiache nyumbani kidogo, wataikuta wakirudi."

Jibu langu likawa nguo. Kila Jumamosi mlipokuwa mnarekodi mimi nilishuka na kapu langu. Mashine zinanguruma, mwaweka kidole mdomoni, "Mama, dakika kumi tu," nami nasema, "Shuka zangu hazijui dakika." Tunde, mmoja wa vijana wako, alikuwa akinibebea kapu kusudi niondoke haraka. Nilimwona, asidhani sikumwona.

Huyo Tunde ndiye uliyemtuma anihoji mimi. Alikuja juu na kinasa sauti amekikumbatia kama mtoto mchanga, akaanza kuuliza na wewe ukitafsiri. Jina lako nani, umezaliwa wapi, umekuja lini. Nikamwambia, "Wewe ni askari wa uwanja wa ndege? Niletee na muhuri basi." Ulicheka, ukamwambia kitu kwa lugha yenu, kijana akajikuna, akauliza, "Bibi, ukikasirika hupika nini?"

Nani amewahi kuniuliza hilo? Nikamwambia, mahamri. Kwa kuwa unga wa mahamri unataka kupigwa, na mtu huwezi kumpiga. Nikaendelea kutoka hapo, nikasema mambo ya marehemu mume wangu, ya mtoto wangu wa kwanza ambaye hata Salim hajui alivyokufa. Saa nzima. Wewe ukitafsiri na machozi yanakutoka. Mwisho Tunde akarudisha kaseti nyuma asikilize, kimya. Kijana alibonyeza kitufe kimoja badala ya viwili vya kurekodi.

Ukasema vile vile ulivyokuwa ukiwaambia wote. "Tena. Anza na jina lako."

Nikasema, "Tena hakuna. Dukani kwangu kumefungwa." Nikaondoka. Tungerudia siku ile, leo tungekuwa na sauti yako. Hilo la kwanza.

La pili ndilo la dhambi.

Kaseti zote za darasa wewe hukusikika ndani yake. Uliwasukuma wao waseme, wewe umeshika kinasa sauti na kidole juu. Jumamosi moja tu Bisi, yule msichana mwenye pengo la meno, alikunyang'anya maikrofoni akasema, "Leo ni wewe, Anti." Ukasema kaseti nzima, upande wa kwanza na wa pili. Nasikia ulisimulia Ibadan, na mwisho ukasema na Amina binti yako. Mimi sikuwepo. Baada yake ukaivunja vijino, vile viwili vidogo vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kama ulivyowafundisha: kaseti iliyovunjwa vijino hairekodiwi tena, kilichomo kimekaa. Ukaiweka kwenye droo ya meza ya redio. Jina hukuiandika. Wewe, uliyewagombeza watoto kwa kaseti zisizo na jina, siku ile ulikwenda kulala ukiwa na viatu miguuni.

Nami nilikuwa na deni la jibu kwa dada yangu Mwanaidi, Mombasa. Unajua tulivyokuwa tukifanya: hatuandikiani, tunasemeana. Kaseti moja inakwenda na msafiri, anasikiliza, anarekodi juu yake majibu, inarudi. Yake ilikuwa imekatika utepe. Nikafungua droo, nikaona kaseti haina jina, haina vijino. Na hapa asiniambie mtu kuwa sikujua. Nilijua. Kila mwanamke wa kwetu aliye na mtu ng'ambo anajua maana ya vijino, na anajua dawa yake: unabandika kipande cha selotepu juu ya tundu, mashine inadanganyika, unarekodi. Nikajiambia, ni kelele za vijana wale, watarekodi nyingine. Nikabandika.

Na nilisema nini juu ya sauti yako? Nilikusema wewe. Nilimwambia Mwanaidi kwamba mke wa Salim amekuwa mvivu. Mchana amelala. Sahani naosha mimi. Akinisalimu mpaka ashike kiti. Nilisema upande wa kwanza wote, nikageuza. Na wewe ulikuwa kwenye kochi, mlango uko wazi. Ulisikia, Rukia? Kiswahili ulikuwa umekijua siku hizo, nilikufundisha mwenyewe. Hili ndilo linaloniamsha.

Wiki ile ile ukaniuliza, "Mama, umeiona kaseti ya darasa? Ilikuwa droo hii."

"Mie nitajuaje vitu vyenu?"

Ukanitazama machoni. Ukasema, "Si kitu. Tutarekodi tena Jumamosi." Ijumaa Salim akakubeba hospitali, na Jumamosi ile hukuiona.

Nilikuosha mimi pamoja na wanawake wa msikitini. Nikakuta ulivyokonda chini ya yale magauni yako mapana. Nikaendelea kumimina maji.

Siku ya arobaini vijana wako walikuja wote, wakabeba viti, wakaosha masufuria. Bisi akamshika Amina, akamwambia, "Kuna kaseti mama yako amesema nawe. Iko kwenu." Mtoto wa miaka kumi na moja, Rukia. Alitafuta nyumba nzima. Alitoa droo zote, akaingia chini ya kitanda, akasikiliza kaseti moja moja, hata za kasida zangu, labda mamake yumo katikati. Nilikuwa nikichambua mchele. Nikauchambua mpaka ukabaki vumbi.

Nikamdanganya Salim kuwa nina haja ya dawa za kwetu, nikamwomba anipigie simu Mombasa kwa jirani ya Mwanaidi. Nikasema kaseti irudi, isiguswe. Lakini ilikuwa tayari njiani. Mgeni akaileta, nikajifungia chumbani nikaiweka masikioni. Mwanaidi amejaza pande zote mbili, harusi ya fulani, bei ya nazi, goti lake. Na mwanzoni kabisa akasema hivi: "Dada, kabla hujaanza kusema nimesikia mwanamke. Sauti tamu. Alisema neno moja mara mbili kwa Kizungu, sikulijua. Ndiye huyo mvivu wako?"

Dada yangu hakukuona hata siku moja. Ndiye wa mwisho kukusikia, na amekufuta bila kujua, kama nilivyokufuta mimi nikijua nusu.

Jumamosi iliyopita nikashuka chumba cha kufulia bila kapu, Salim na Amina nyuma yangu. Vijana bado wanakutana, Bisi ndiye anayeshika kinasa sauti. Wakazima mashine wenyewe wakidhani nimekuja kugombana. Nikawaonyesha kaseti, na selotepu yake, nikasema nilichofanya. Salim alitafsiri, sauti ikamkatika katikati, Amina akaimalizia. Mtoto ambaye nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza, siku ile alitafsiri kila neno, hata lile la "mvivu" hakuliruka. Vijana wote wakainamisha macho kwa kunisitiri, darasa lako lote likapotea kwa dakika moja. Aliyenitazama ni Amina peke yake. Akapanda juu. Siku nne hakusema nami.

Siku ya tano alikuja jikoni. Nilikuwa napiga unga wa mahamri. Akauliza, "Bibi, umekasirika na nani?"

"Na mimi."

Akanawa mikono, akasogea, akapiga unga upande wake. Hakusema amenisamehe, nami sikumuuliza, asije akaniambia kwa adabu tu. Baadaye akasema, "Hata sauti yake naanza kuisahau." Hilo ndilo alilokuwa nalo tumboni yeye, kama wewe ulivyokuwa na lako. Tofauti ni kwamba yeye kasema.

Basi Tunde na Bisi wamekuja na shauri lao. Jumamosi hii kila mmoja atasema mbele ya maikrofoni ulichomwambia, kwa namna ulivyokisema, na Bisi anasema maneno yale ya mwisho kwa Amina anayakumbuka, si yote. Sauti haitakuwa yako. Nimewaambia wasinidanganye kuwa itafanana. Lakini mtoto atapata cha kushika, na wa kwanza kusema nitakuwa mimi, kwa kuwa nilikusema vibaya kaseti nzima, pande zote mbili, na deni hilo halilipwi kwa kunong'ona kaburini. Nitaanza na jina langu. Nitasema jambo moja ninaloliweza. Kisha nitasema wewe ulikuwa nani.

Nenda salama, mwanangu. Ulipiga magoti ya kutosha. Siku tukikutana, wewe kaa, nishuke mimi.

Ni mimi mkweo, mama yake Salim, bibi yake Amina.

Na wewe Amina, utakayekuwa umeshika kinasa sauti nikifika hapa: bonyeza kisimame. Itoe kaseti. Andika jina la mama yako juu yake, lote, kama alivyoitwa kwao, Rukayat Folake, kwa wino. Kisha vunja vijino vyote viwili, hapa mbele yangu, nami nikiona.