Aliyepiga Kelele Stendi ni Mimi

Lyamkena, Makambako

Dada yangu Mwanaidi,

Shikamoo. Mguu wa mama unaendeleaje, na homa ya wanao imekwisha? Mimi mzima, ila vidole viwili vya mkono wa kulia havijanyooka, ndiyo maana mwandiko umekaa hovyo. Nimeandika kwenye karatasi kwa sababu wewe ukipokea simu unaweka spika, nyumba nzima inasikia. Hii isome peke yako. Mama msimulie habari za chakula tu.

Na chakula, dada, ngoja nianze nacho. Nilipofika huku na mashine yangu ya kufumia masweta nilijua nitakufa kwa baridi na upweke. Aliyeniokoa ni jirani yangu Upendo, Mbena, mwenye banda la chakula pale stendi ya mabasi. Alinikuta mlangoni nimejikunyata akasema, "Kamwene!" Nikadhani ananiita jina, nikajibu, "Hapana, mimi Zaina." Alicheka mpaka akakaa chini. Kumbe ndiyo salamu yao. Tangu siku hiyo mchana nikawa nakula kwake: kande, viazi vya moto na maharage, njegere, na maparachichi makubwa ambayo kwenu huko mngesema ni mafenesi. Nazi nimeisahau, Mungu anisamehe.

Upendo ana kaka yake, Ezekia, anayepakia viazi kwenye malori. Mtu wa utani yule! Aliniletea kikombe cha ulanzi akaniambia ni juisi ya mianzi. Nikanywa viwili. Kumbe ni pombe, tena ilikuwa imelala siku mbili! Niliimba taarabu barabarani mchana kweupe, watu wananishangilia. Hilo nalo mama asilisikie. Basi ikawa ndiyo mchezo wetu: yeye ananipora kipande cha nyama sahanini, mimi namtukana, yeye anakimbia, Upendo anatufokea wote wawili. Nilikuwa na raha, dada. Sikuwa nimecheka hivyo tangu nipewe talaka.

Jumamosi moja nilinunua paja la kuku, nikalificha kwenye mkoba ili Ezekia asilione. Akaliona. Akakwapua mkoba mzima akatimka huku anacheka. Nami, na huu mdomo wangu unaoujua, nikapaza sauti: "Mwizi! Mkamateni huyo, mwizi!" Nilikuwa nacheka. Wallahi nilikuwa nacheka.

Kwetu Muheza ningepiga kelele hizo wangesema Zaina kaanza. Lakini Makambako ni njia panda. Basi la Songea linashusha, la Mbeya linapakia, nusu ya watu pale hawamjui Ezekia wala mimi. Na wiki hiyo watu walikuwa wameibiwa simu palepale stendi. Mwanamume mmoja akampiga mtama. Ezekia akaanguka kifudifudi, bado anacheka. Teke la kwanza likamkuta mdomoni.

Sijui watu hutoka wapi, dada. Kufumba na kufumbua walikuwa wamemzunguka. Mateke, mawe, ubao wa kreti wenye misumari. Nilisikia taya lake likivunjika, kama mtu anavunja muwa. Nikapiga mayowe, "Si mwizi! Ni utani! Ni rafiki yangu!" Neno la kwanza walikuwa wamelisikia wote, hili hakulisikia hata mmoja. Kulikuwa na baba mmoja mwenye tai, anasubiri basi. Aliweka begi lake chini taratibu, akaenda akamkanyaga Ezekia kichwani, akarudi akachukua begi lake. Mwingine anauliza petroli iko wapi. Nikajitupa juu ya Ezekia. Wakasema, "Na huyu mwenzake!" Wakanikanyaga mkono mpaka vidole vikalia.

Upendo ndiye aliyetutoa. Alikuja na sufuria la maharage likitokota, akalimwaga juu yao. Lote. Wanaume wazima walilia wakijishika nyuso. Kisha akasimama juu yetu na kisu cha kukatia nyama, anatukana kwa Kibena, mpaka polisi walipofika.

Ezekia alipelekwa hospitali Njombe. Jicho la kushoto limetolewa. Taya limefungwa kwa waya, anakunywa uji kwa mrija. Nilipiga magoti kitandani pake nikamwomba radhi. Akaomba kalamu, akaandika: "Mama asijue. Nitasema sikumtambua aliyepiga kelele." Upendo naye amenyamaza kwa ajili ya kaka yake, ila ananipakulia bila kunitazama.

Mama yao anakaa Mdandu. Aliposikia kuna mwanamke aliyejilaza juu ya mwanawe, akaniita. Alinichinjia kuku. Akavishika vidole vyangu vilivyofungwa bendeji, machozi yanamtoka, akasema, "Wewe ni mwanangu. Lakini yule aliyepiga kelele nimemshtaki kwa Mungu. Kila alfajiri napiga magoti namshtaki. Asipate usingizi. Asipate mtoto. Mkono wake usishike kitu." Nilikuwa na tonge la ugali mdomoni, dada. Nikashindwa kulimeza na nikashindwa kulitema.

Nilivumilia Jumapili mbili, nikienda kula chakula cha yule mama na kuitikia amina. Ya tatu nikasema, "Mama, aliyepiga kelele ni mimi." Alinichapa kofi nikaangukia kuni. Akachukua mwiko akanipiga nao mgongoni mpaka ukavunjika, akaendelea na kipande kilichobaki. Sikuinua mkono. Alipochoka akakaa, anahema.

"Aliyeshtaki ni mimi," akasema. "Ngoja nikaondoe kesi."

Akaingia chumbani. Nikasikia magoti yakigusa sakafu. Akatoka. "Nimeshindwa. Ulimi haunyanyuki. Njoo Jumapili."

Kwa hiyo harusi ya ndugu yetu Shabani ifanyeni bila mimi. Siwezi kuja, kila Jumapili niko kwa yule mama, na usinitungie sababu nzuri kwa ndugu. Msalimie Shabani mwenyewe, mwambie amtunze mke wake. Msalimie mjomba fundi baiskeli, na shangazi wa Bombani aliyenifundisha kufuma, na wanao wote kwa majina yao. Mama mwambie nimenenepa, wala si uongo.

Jana ilikuwa Jumapili ya nne tangu nimwambie. Aliingia chumbani, nikakaa nje kwenye gogo nasubiri. Alipotoka alifunga mlango, akapakua viazi, akanisogezea sahani. Nikamtazama usoni.

"Bado," akasema. "Kula."

Mdogo wako,
Zaina