Jogoo Wetu Aliyepasuka

Baba yangu mpendwa,

Asubuhi hii nimefungua duka, umeme upo, mashine ya mabango inanguruma vizuri, na mteja hajaingia hata mmoja. Nikajikuta nacheka peke yangu kama kichaa. Nilikuwa nimekukumbuka siku ile bango la kwaya ya Butiama lilipotoka kwenye mashine, ukaliinamia, ukavua miwani, ukaifuta kwa shati, ukaivaa tena, kisha ukaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, huyu jogoo kapigwa mawe?"

Wewe na mama mlikuwa mmehamia kwangu hapa Manyamanyama, kwenye nyumba hii yenye duka mbele, baada ya kiharusi chako. Wewe ambaye Musoma ilisoma majina ya maduka na mitumbwi kwa mwandiko wako, mkono wa kulia ulikuwa umekataa brashi. Ukawa unakaa karibu na kompyuta yangu, unakunywa chai na kukosoa rangi za watu. Mama alisema umegeuka redio. Mimi nilicheka naye, lakini nilijua. Ulikuwa unauvalisha uchungu wako nguo ya utani ili usitutie huzuni.

Bango lile lilikuwa la mama Nyamisi, mwenyekiti wa kwaya. Jumapili walikuwa wanazindua albamu yao, na alitaka nembo yao ionekane tangu barabarani: jogoo anayewika, yule uliyewachorea wewe mwenyewe zamani ukutani, kwenye chumba chao cha mazoezi. Alimpiga picha kwa simu miaka hiyo, akanitumia kwa WhatsApp. Nikamweka kwenye programu ya kuchorea, nikamzungushia duara na jina la kwaya, nikahamishia kwenye programu ninayopangia mabango. Kwenye skrini kila kitu kilipendeza. Kwenye bango la mita tatu, herufi zilikuwa na ngazi ngazi na jogoo alikuwa miraba mitupu.

Kwanza niliilaumu mashine. Nikaisafisha, nikachapa kipande kidogo, yale yale. Nikarudi kwenye programu ya kwanza, nikavuta karibu: herufi safi, kingo kama wembe. Nikavuta karibu kwenye ile ya pili: ngazi.

"Kwa hiyo zinaondokaga nzima, zinafika zimevunjika," ulisema.

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimekopi huku na kupesti kule, na ile programu ya pili, badala ya kupokea mistari yenyewe, ilipokea kijipicha cha mistari. Kijipicha ukikivuta hadi kijae ukuta, lazima kipasuke. Basi nikageuza herufi kuwa maumbo, nikahifadhi nembo kama PDF, mistari ikiwa bado mistari, kisha nikaifungua kule kama faili badala ya kupesti. Herufi zikatulia, duara likatulia, ukanipigia makofi kwa kugonga paja kwa mkono mmoja. Lakini jogoo akabaki vilevile.

Yeye hakuwa mistari tangu mwanzo. Alikuwa picha ya simu, ndogo, iliyokwisha kubanwa kwa kutumwatumwa. Nikajaribu kumwongezea pikseli, zile nukta za picha, kwa nguvu, akawa laini, amejaa ukungu. "Sasa umemchemsha," ulisema.

Nikampigia mama Nyamisi simu aende akampige picha upya, akasimame karibu na ukuta.

"Ukuta upi, mwanangu? Si tulishaubomoa tukajenga ukumbi mpya?"

Uliisikia, maana sauti ya simu ilikuwa juu. Uliangalia nje kwa muda, kana kwamba kuna mtu anapita barabarani. Nikakuambia naweza kumfuatisha kwa mistari juu ya picha ile ile, ila jicho na mkia sivioni, nitabahatisha. Au nichukue jogoo wa mtandaoni.

"Jogoo wa mtandaoni hajui Butiama," ulisema. "Lete karatasi."

Sikuthubutu kukutazama usoni. Ulishika penseli kwa mkono wa kulia, ukaukamata mkono huo kwa wa kushoto, ukaanza. Karatasi ya kwanza uliikunja ukaitupa. Ya pili pia. Mama alitoka jikoni akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Jogoo wa mwisho alikuwa na kifua kizuri, jicho kali, na mkia uliotetemeka kila unyoya.

"Mbaya," ulisema.

Nikamskani kwa ubora mkubwa, nikaanza kumfuatisha mstari kwa mstari, ili safari hii hata akikuzwa kama nyumba asipasuke. Nilipofika mkiani nikaanza kuyalainisha mawimbi, na ukanipiga kofi mkononi.

"Usininyooshe! Mimi sijanyooka, niache hivyo hivyo."

Tulicheka, baba. Tulicheka mpaka mama akasema ugali unaungua na yeye hana wa kumlaumu ila sisi.

Jumapili tulikwenda wote watatu Butiama. Bango lilikuwa limetundikwa mbele ya ukumbi, na kulikuwa na upepo kidogo. Mama Nyamisi alipitisha kiganja juu ya mkia ule, taratibu. "Mzee, yule wa zamani alikuwa amesimama tu. Huyu manyoya yanapepea! Umefanyaje?"

"Ni ufundi," ulimjibu, umekaza uso, ukanikonyeza.

Tangu siku hiyo ulidai karatasi kila asubuhi kabla ya chai. Ulichora bata, ng'ombe, sato, jirani yetu akibishana na bodaboda. Ulichora mpaka wiki ile uliyolala usiamke tena. Watu huniuliza kama sihuzuniki kukaa na michoro hiyo yote. Nahuzunika, ndiyo. Ila nikikosa utulivu wa moyo nakuza mmoja kwenye skrini, natazama ulivyochora kidole cha bodaboda, na siku inaanza upya.

Sasa sikia habari. Juzi alikuja mwenye mtumbwi kutoka Kisorya, anataka jina liandikwe ubavuni. Nikamwambia nitamchapia stika. Akakataa, stika inabanduka na maji. Anataka rangi na brashi. Sijui nini kilinipata, nikasema naweza. Nikanunua brashi, nikaenda, nikapiga magoti kwenye mchanga nikaandika. Yule bwana aliinama kuikagua kazi.

"Hii S ina mimba?" akauliza.

Nikamwambia inayofuata itakuwa nzuri zaidi. Akacheka, akaenda kumwita kaka yake, ambaye naye ana mtumbwi. Narudi huko Jumamosi, baba. Jina la mtumbwi wake lina S mbili.

Pumzika vyema.

Ni mimi binti yako, uliyezoea kuniita Mama.