Siku Ishirini na Moja za Kipusa

Jumatatu, 12 Februari 2024
Tangazo rasmi: leo asubuhi ng'ombe wangu Kipusa amejaribu kumpanda punda. Punda amekataa, kwa mateke. Mimi, mfugaji mzoefu wa kujiita, nikasema ni gesi, nikamnywesha magadi. Jioni mke wangu Sara akaona ute unaning'inia nyuma. Kacheka mpaka kakaa chini. "Baba Witness, huyo anataka dume, wewe unampa dawa ya tumbo!" Kisha akasema: hilo ni joto la tatu la kutaka dume linapita bure. La nne likipita, Kipusa anaenda buchani. Hapo hakucheka.

Jumatatu, 4 Machi
Siku ya ishirini na moja, joto limerudi! Kipusa analia tangu alfajiri, maziwa yamepungua, mtamba wetu, jike asiyezaa bado, akimpanda anatulia tuli. Nimempigia Deo, yule wa mjini anayepandikiza ng'ombe mbegu za dume. Atafika jioni.
Jioni — pikipiki imemfia njiani. Eti kesho mchana. Kesho mchana joto limekwisha!

Jumanne, 5 Machi
Dume la jirani yetu Fredrick limekutwa bandani kwetu asubuhi. Sara aliingia na ndoo ya kukamulia. Pembe imempasua paja mpaka karibu na goti. Nililipiga dume kwa mpini wa jembe mpaka ukavunjika — halikunitazama hata. Majirani wakaja, wakamvuta Sara, wakalichoma dume mikuki. Kisha wakaenda kwa Fredrick. Fimbo, mateke, tofali. Alikuwa analia, "Nililifunga! Jamani, nililifunga!" Wakampiga mdomoni.
Nilisimama pale.

Jumatano, 6 Machi
Hospitali, kwenye benchi. Sara ana nyuzi ishirini na nane, anaongea. Fredrick yuko wodi ya wanaume, jicho moja madaktari hawalitumainii.
Ukweli ni huu. Alilifunga. Jana saa kumi na moja alfajiri niliingia bomani kwake, nikakata kamba, nikaliswaga hadi bandani kwetu. Nilitaka lipande, nilirudishe kabla watu hawajaamka. Halafu — mwanaume mzima! — nikaenda nyuma ya nyumba kuchochea moto wa chai. Sara sikumwambia. Fredrick ningemwomba angenipa. Niliona aibu tu, kijiji kizima kinajua habari ya magadi.
Mtendaji wa kijiji amefika na daftari lake. Kanishika bega: "Pole sana, mzee." Sara ananiita kutoka kitandani, niingie tumweleze pamoja uzembe wa Fredrick.