Divai ya Rislingi na Samaki wa Kitangiri

Sekenke, 9 Agosti 1936

Mpenzi Elina,

Nakusalimu kutoka huku mgodini. Mimi mzima, na kuku wa pilipili ninaowapika kwa Bwana meneja wanasifiwa na Wazungu wote.

Umeniandikia kwamba baba yako, mzee wa kanisa, amesimamisha ndoa yetu kwa kuwa nakunywa divai. Mweleze. Kwetu mwenye pombe huonja kwanza mbele ya wageni, wajue haina sumu. Basi siku ya kwanza kumimina divai mezani, nikaionja kwanza mimi! Wageni walikasirika, lakini Bwana alicheka, akaniuliza inafaa chakula gani.

Ilikuwa nyeupe, ya zabibu ziitwazo Rislingi, chachu kama ukwaju, kisha kwa mbali asali. Nikamjibu kuwa nyama ya ng'ombe itaifunika, bora samaki wa ziwa Kitangiri. Tangu hapo hakuna chupa inayofunguliwa bila mimi. Naonja, natema. Mpishi wa namna hii hayupo Iramba nzima.

Ukimsomea baba, ishia hapo.

Ile divai ya samaki, Elina, niliimeza.

Wako,
Zefania