Kipindi cha Kibuyu Kimetoka

Rafiki yangu,

Kipindi cha kibuyu kimetoka. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeliuliza kwanza, kabla hata ya kuniuliza kama nimekula. Kimetoka Jumatatu asubuhi, mvua ikinyesha Karatu nzima, na hadi jioni watu walikuwa bado wananitumia meseji za sauti. Sasa nivumilie nikueleze kilivyotoka, maana hakikutoka kama tulivyopanga, na mimi sikutaka kitoke bila wewe.

Tangu vuli sikuwa nimepanga kitu. Chumba cha nyuma ya duka langu la vitambaa kiko vilevile. Godoro limeegemea ukuta kuzuia mwangwi, shuka lako jekundu limetundikwa mlangoni, na maiki imevishwa soksi ya mume wangu, ile uliyodai inanuka mpaka wasikilizaji wanaisikia. Wateja wanaingia kununua kitenge, wananikuta nimekaa tu, wanadhani biashara imelala. Biashara haijalala. Nina hasira. Ulikwenda nyumbani kupumzisha kifua, ukaniambia, "Tere, we panga mpaka mavuno ya kahawa, nikirudi nitapangua." Nikapanga. Hukurudi kupangua. Mtu anapangaje akijua hakuna wa kumpinga?

Wenye podikasti wengine wanaangalia watu wanabishania nini mitandaoni, wanachukua hiyohiyo. Wewe ulikataa. Kila nilipoleta mada uliuliza swali moja: "Anayesikiliza, mikono yake inafanya nini?" Mwanzoni niliona ni ujeuri wa mtu wa mapokezi hotelini, aliyezoea kuhoji wageni. Baadaye nikakuelewa. Mchuma kahawa wa Oldeani ana mikono miwili ndani ya majani na simu iko mfukoni, hawezi kubonyeza chochote, basi msimu wa kuchuma tunampa hadithi ndefu. Mchungaji wa kwenu Soitsambu anaogopa chaji itaisha kabla ng'ombe hawajarudi, basi tunamfupishia. Dereva wa watalii yuko getini anasubiri wageni wamalize kuwapiga picha nyani, huyo anataka mabishano. Na sisi wa Karatu, maharage yetu ya ngwara yakishavunwa, nyumba nzima inakaa chini kuyachambua, bibi hadi mjukuu, kwa hiyo wiki hizo tusiweke mada ya kumwaibisha mtu mbele ya mkwewe. Unakumbuka nilivyokaidi nikaweka uzazi wa mpango wakati wa ngwara? Mama mkwe hakunisemesha mpaka Jumapili. Ulikuja dukani, ukasema, "Si nilikuambia?" ukajimiminia chai yangu bila kukaribishwa.

Kipindi cha kibuyu ulikipangia masika. Ulisema mvua zikikolea maziwa yanakuwa mengi, wanawake wa kwenu mikono yao iko ndani ya vibuyu, ndipo wamsikie mama yako akieleza namna ya kukisafisha kwa kijiti cha moto cha mti wa oloirien mpaka maziwa yanukie moshi. Ulimrekodi mwenyewe, safari yako ya mwisho ukiwa mzima. Ukaniambia tusikiguse mpaka masika.

Habari zako nilizipata vuli. Wifi yako, mke wa kaka yako, alinipigia nikiwa nampimia mteja kitambaa, na nilikata vibaya, nikampunja yule mama wa watu. Mvua zilikuwa zimekata barabara, basi la Wasso halikupita. Walikuzika nikiwa nimekaa stendi ya Karatu na begi langu miguuni. Barabara ilipofunguka nilikuwa nimeshaogopa. Nisamehe kwa hilo, au usinisamehe, utajua mwenyewe.

Wasikilizaji sikuwaambia. Nilinyamaza tu, wakasubiri. Yule baba wa Singida anayechuma kahawa Oldeani alituma sauti: "Dada Tere, kwani mmegombana na mwenzako? Kama mmegombana semeni bwana, tuwapatanishe." Niliisikiliza nikiwa nimesimama katikati ya duka, nikashindwa hata kukaa.

Masika yalipoanza nikajikaza. Nikaingia chumbani nikarekodi kipindi cha kukuaga. Unajua sisi Wairaqw wa kanisani tulivyo: marehemu asipotajwa jina misani tunaona kama hana watu. Basi nilikutaja. Nilikutaja mwanzo, katikati na mwisho, jina lako lote na la baba yako, kama litania. Nikasema nitakwenda kwenu nimwekee mama yako asikie kwanza, halafu nitoe hicho, na kibuyu kifuate. Nilijiona nimefanya jambo kubwa sana.

Nikapanda basi. Barabara ya huko unaijua, sina la kukusimulia, ila Wasso nilifika nikiwa na rangi moja na begi langu, na bodaboda aliyenipeleka Soitsambu alinihubiria njia nzima kwamba wanawake wa Karatu hatujui kukaa kwenye pikipiki. Nilipokaribia boma, watoto wakanikimbilia. Mbele yao alikuwa binti wa kaka yako, yule aliyepewa jina lako. Amekua. Ana meno mapya, na anatembea ametupa mikono kama wewe. Nikashuka, nikafungua mikono, nikamwita kwa jina lake.

Yaani wote walisimama. Mtoto alisimama. Kaka yako, aliyekuwa anafunga ndama, aligeuka akanitazama, kisha akainama akaendelea na kamba yake. Mama yako alikuwa mlangoni. Aliingia ndani.

Wifi yako ndiye aliyenishika mkono akanipeleka pembeni. Akaniambia kwa upole, "Wifi, huyu mtoto sasa anaitwa Nashipai." Nikamuuliza tangu lini. Akasema, "Tangu yule wetu alipoondoka. Hapa nyumbani lile jina haliitwi tena. Wengine siku hizi hawafuati, wameokoka, lakini yeyo, mama yetu, anafuata." Nilitamani ardhi inimeze. Siku zote ulikuwa ukinitania kwamba nikifika kwa wenye chongo nifumbe jicho, na mimi nimefika nimeyakodoa yote mawili. Hukuniambia. Miaka yote ile chumbani mle, tunazungumza ndoa, ng'ombe, mahari, kila kitu cha kwenu na kwetu, hatukuwahi kupanga kipindi kuhusu kufa. Labda hatukuona mikono ya nani ingefaa.

Na pale niliposimama, ndani ya begi langu kulikuwa na simu yenye jina lako limejaa tele.

Ndiyo maana barua hii sikuianza kwa jina. Ulishashangaa, najua.

Baadaye yeyo aliniita ndani. Niliinamisha kichwa, akanigusa, akanisalimu, "Takwenya." Nikajibu, "Iko," kwa ile sauti yangu uliyosema ni ya mtu anayebanwa na mlango. Akanipa chai ya maziwa. Kiswahili chake unakijua ni cha kuchagua, siku hiyo hakukichagua kabisa, wifi yako akawa anatafsiri. Nikaomba radhi. Akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema maneno haya, nami nayaandika kama wifi yako alivyoyaleta: "Huna kosa, hukujua. Jina tumelipumzisha. Ukiliita, unamwamsha aliyelala, naye alivyo mwepesi wa kazi, atadhani anahitajika."

Nikalia. Sikulia kiutu uzima, nililia kama mtoto aliyenyimwa. Kwa sababu ni kweli, ungeamka. Ungeuliza maiki iko wapi.

Aliponiacha nikatulia, akauliza nimekuja na nini kutoka mbali vile. Cha kukuaga sikukitaja. Nilisema kuna sauti yake yeye na yako, ya kibuyu, na kwamba wewe uliipangia mvua hizi, ila bila ruhusa yake sitaitoa, naye akisema hapana nitaifuta palepale mbele yake. Nilisema hivyo ingawa hiyo ndiyo sauti yako ya mwisho niliyonayo. Ningeifuta kweli. Nilishaweka nia.

Alisogeza kigoda chake karibu yangu. Kisha akasema, "Weka."

Unajua tunavyoanza, na hata ukirekodi bila mimi ulianza hivyohivyo. Mimi nasema, "Mimi ni Theresia wa Karatu," nawe unasema, "Na mimi ni," unajitaja, "wa Soitsambu." Nikashika simu kwa mikono miwili, nikasogeza kwa kidole kupita mwanzo, nikiomba nisikosee. Sikukosea. Tukaangukia kati, pale yeyo anakugombeza kwa Kimaa, nawe unatufasiria Kiswahili: "Mama anasema nashika kijiti kama mwiko wa ugali. Anasema nimeshakuwa Mmbulu kama Tere." Halafu ukacheka. Yeyo akainua mkono. Nikasimamisha, nikadhani basi, imekwisha. Akasema, "Rudisha."

Nikarudisha. Ukacheka tena. Akasema nirudishe. Kaka yako alikuwa amekuja akasimama nje ya mlango, namwona miguu tu. Nilirudisha mpaka yeyo mwenyewe akaanza kucheka, yule mama, na machozi yanashuka, anayafuta kwa ncha ya shuka, anaendelea kucheka. Wifi yako alishindwa kutafsiri chochote.

Mwishowe alisema hivi: "Sauti haina kosa. Kitoe, watu wajue kibuyu. Jina ondoa. Lakini pale anapocheka usiguse."

Nikarudi Karatu. Kipindi cha kukuaga nilikifuta, sikukisikiliza hata kidogo. Kisha nikakaa kwenye kompyuta kufanya kazi ambayo daima ilikuwa yako. Mimi ni fundi wa kusema, fundi wa kukata ulikuwa wewe. Nikaikuta ile sehemu ya mwanzo. Kabla ya kukata nilikusikiliza ukijitaja. Ulilitamka harakaharaka, kama mtu anayetaka kupita hapo afike kwenye mambo ya maana. Nililisikia kwa masikio, mdomo wangu niliufumba. Nikakata. Imebaki "Na mimi ni," halafu pumzi yako, halafu "wa Soitsambu." Pumzi sikuitoa. Yeyo hakusema niitoe.

Mwanzoni kabisa mwa kipindi niliwaambia wasikilizaji kwamba mwenzangu amelala, na kwamba kwa heshima ya nyumba yao jina lake halitasikika tena hapa. Wakalipokea kila mtu kwa namna yake. Madereva wa getini walizima redio za magari wakakusikiliza pamoja, mmoja aliniambia, na siku hiyo hawakubishana. Yule baba wa Singida alituma sauti fupi: "Pole sana dada. Kwetu sisi tungemtaja, ila kama kwao ni hivyo, na sisi tunanyamaza. Mama ni mkali yule, lakini kibuyu nimekielewa." Na wifi yako ameniambia yeyo hukiweka kipindi akiwa anasafisha vibuyu vyake, anagombana na sauti yake mwenyewe, anasema hapo nilisahau kueleza hivi na vile.

Kanisani padri alipoomba tutaje marehemu wetu, watu walitaja. Mimi nilisimama nao, nikafungua mdomo, nikaufunga. Ilinichoma, sitakuficha. Nimezoea kumkabidhi mtu kwa jina. Mama mkwe alikuwa pembeni yangu, akanishika kiwiko, akaninong'oneza, "Mungu si mgeni Soitsambu." Tangu yale ya uzazi wa mpango sikuwahi kumpenda kama siku hiyo.

Sasa nimekaa chumbani, nina vipindi vyetu vyote vya nyuma mbele yangu, na kila kimoja kina jina lako mwanzoni. Nakata kimoja kimoja jioni baada ya kufunga duka. Na katika kazi hii nimegundua ulichokuwa unanifanyia. Mafaili yale mabichi, kabla hujayahariri, yamejaa kicheko chako, na yale tuliyotoa hayana. Ulikuwa unajikata. Ulisema unacheka kama punda aliyeona maji, haifai hewani, nami nikakubali tu kwa sababu nilikuwa na haraka ya kwenda kupika. Katika kile cha kibuyu kicheko kilipona kwa sababu hukuwahi kukifikia.

Basi nakuahidi hivi. Msimu wa kahawa nitaupanga mwenyewe, na nitakosea, na hutakuwepo kuniambia. Jina lako halitatoka kinywani mwangu tena, si hewani, si dukani, si kanisani. Lakini kicheko ulichokikata nitakitafuta kote kilipo, na kila nikikipata nitakirudisha mahali pake.

Pumzika, rafiki yangu. Kifua kisikusumbue tena. Hakuna anayekuita.

Wako,
Tere